Mtoto kafunga kwa mkono, mie kocha wake nikamwashiria anyamaze

Kocha_Mchangani
Assalaam aleikum wana jukwaa. Naomba msome mpaka mwisho ndo mnitukane, mana najua matusi yanakuja na mengine nastahiki.

Mie nakaa Wete, nafundisha timu ya watoto, si kazi ya mshahara ni kazi ya jioni nikishatoka kwenye pilika zangu. Watoto kumi na nane, njumu pea tisa, waliobaki wanacheza na raba, na kuna ndugu wawili wanagawana pea moja, mkubwa anavaa ya kulia kwa vile ndo mguu wake wa kupigia na mdogo ya kushoto. Basi wiki iliyopita tulikuwa na fainali ya kikombe cha mtaani, umri mwisho miaka 15, zawadi mbuzi mmoja na seti ya jezi. Dakika za lala salama tuko moja moja, ikapigwa kona, mpira ukapita vichwa vyote, mtoto wangu mmoja yuko mlingoti wa pili, ana miaka 13, akaurukia na badala ya kichwa ukaingia kwa mkono, hapa juu kidogo ya kiwiko. Na si kwamba ulimgonga, mkono aliupeleka. Mie nimeona kwa macho yangu niko upande ule ule. Refa kazibwa na beki wao namba tano, jitoto la miraba minne lile, akapuliza goli.

Sasa hapa ndo penye kisa. Wenzake wanamrukia mgongoni, yeye hafurahi. Kanigeukia mie, kanyanyua mkono kidogo hivi kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, khalafu macho yakaenda kwa refa. Nikajua anataka kwenda kusema. Na mie wallahi hata sikufikiri, nikaweka kidole mdomoni. Mkono akaushusha. Mpira ukawekwa kati, dakika mbili mechi ikaisha, tukabeba mbuzi.

Ijumaa tukamchinja, pilau likapikwa, watoto wote walikuja isipokuwa yeye. Jumamosi nimemkuta uwanjani anakusanya koni, akaniuliza bila ya kunitazama, "Kocha, kwani wewe ulionaje, niliushika au sikuushika?" Nikamwambia kakimbie raundi mbili. Sijalala vizuri tangu siku ile. Nimekosea wapi hasa, kwenye mpira au kwenye malezi? Au nimekuwa laini tu?

Urojo_Mjini
Waaleikum salaam kocha. Ntakuwa mkweli, mie hapa sioni uzi. Refa kapuliza, goli, kwisha. Ingekuwa upande wao wangekwenda kumwambia refa? Thubutu! Wangekula mbuzi na mchuzi wakaunywa. Maradona 1986 kule Mexico kawafunga Waingereza kwa mkono mchana kweupe, refa wa Tunisia hakuona, na leo ukitaja mpira unamtaja Maradona. Waliomwita mwizi ni Waingereza peke yao. Mnunulie mtoto njumu maisha yaendelee.

Ticha_Mstaafu
Urojo mwanangu punguza pilipili.

Kocha, mie nimesomesha skuli miaka thelathini na kitu, nisikilize. Goli halinishughulishi. Mtoto kakuuliza aliushika au hakuushika. Yeye anajua kama aliushika, mkono ni wake! Anachokuuliza ni kama wewe mtu mzima utamwambia kweli au utamwambia hakikutokea kilichotokea. Ukamtuma kukimbia. Hicho ndo kidole cha pili, na hichi cha pili ni kibaya zaidi mana hapakuwa na mbuzi wala fainali wala watu wanapiga kelele, mlikuwa wawili tu na koni.

Kocha_Mchangani
Ticha umenichoma.

Kipyenga_Kikavu
Mie napuliza madaraja ya chini huku Unguja kwa hivyo niruhusuni nitie sheria kidogo. Tangu 2019 goli likiingia moja kwa moja kwa mkono wa mfungaji halihesabiki hata kama mpira umemgonga kwa bahati mbaya, kwa hivyo habari ya kupeleka au kutopeleka haina kazi, halikuwa goli. La pili ndo kubwa. Refa anaweza kubadilisha uamuzi wake maadamu mpira haujaanza tena. Ukishapigwa pale kati basi, hata aje malaika. Kwa hivyo yule mtoto alikuwa na nusu dakika hivi ya kusema na maneno yake yakafaa kitu, na kocha kidole chako ndo kilichoila ile nusu dakika. Akisema leo ni hadithi tu.

Na msidhani haijatokea. Miroslav Klose wa Lazio, Septemba 2012, Lazio wanacheza na Napoli, kafunga kwa mkono refa kakubali, wachezaji wa Napoli wamemzonga refa, Klose mwenyewe akenda akasema ni mkono. Goli likafutwa, Napoli wakaja kumpa mkono wa heri. Lazio siku ile wakala tatu bila. Hakufa, na Mjerumani yule 2014 ndo akaweka rekodi ya mabao mengi ya Kombe la Dunia kwa wanaume, 16.

Urojo_Mjini
Ile ilikuwa dakika za mwanzo Kipyenga usitufunge kamba, mpira bado mbichi ligi ya kawaida mtu anaweza kujifanya walii. Mlete akiri dakika ya 120 robo fainali Kombe la Dunia. Suárez wa Uruguay aliwaza nini 2010 na Ghana? Kashika, kala umeme, nchi yake imepita. Uruguay walimbeba mabegani.

Mpemba_Maskati
Usinikumbushe ile siku! Mie nilikuwa bado nyumbani, Chake, tumejazana kibandani kuangalia, Julai 2010, hata wasiojua mpira walikuja kwa ajili ya Ghana. Mpira unakwenda wavuni ule, Suárez kaudaka kama kipa. Kadi nyekundu, penalti, tukapiga takbiri tukajua Afrika nusu fainali kwa mara ya kwanza. Gyan akapiga mwamba. Mzee mmoja karibu yangu kanyanyuka kaenda kuizima tivii kasahau kama si yake na si kwake. Tukaiwasha tena tukaona tunatolewa kwa matuta. Mpaka leo yule mtu simpendi na hajanifanya kitu mie binafsi.

Msomi_Tunguu
Hapa naomba tutenganishe vitu mana mnavitia chungu kimoja. Suárez hakumdanganya mtu. Alishika mbele ya dunia nzima, hakumwambia refa sikushika, kakubali kutolewa, Ghana wakapewa penalti, kila kitu kilichoandikwa kwenye sheria kikatekelezwa. Maradona na huyu mtoto wa kocha ni kitu chengine, wao goli lao lilisimama kwa sababu mtu mmoja hakuona. Yan Suárez alivunja sheria akalipa, Maradona alivunja sheria akaificha. Sasa swali la kifalsafa ni hili, ile penalti na kadi nyekundu ni bei au ni adhabu? Kama ni bei basi Suárez ni mnunuzi, kaingia dukani kauliza bei ya kuzuia goli kaambiwa kadi moja na penalti moja, akafungua pochi. Kama ni adhabu basi kulipa hakuhalalishi alichofanya. Mfano wa kwetu, mvuvi anavua kwa nyavu za macho madogo, akikamatwa analipa faini, kesho anarudi na nyavu zile zile anasema mie nshalipa. Ile faini ni leseni?

Babu_Ngalawa
Msomi hapo kwenye nyavu umesema kweli, wako watu huku Nungwi wanaihesabu faini pamoja na petroli, gharama ya safari.

Lakini mie nataka kumsemesha kocha. Mie zamani nikishindana resi za ngalawa. Refa yuko pwani kakaa chini ya mwavuli na kofia yake, nyie mko nje huko kwenye mawimbi tanga limejaa, akuone nani? Ukimkatia mwenzako upepo kwa njia isiyo ya haki, ukaizunguka alama kwa ndani badala ya nje, anayejua ni wewe na yule uliye naye. Na tukirudi pwani tunasema. Wanabishana watu mpaka magharibi lakini husikii mtu anasema "refa hakuona" mana hilo haliingii akilini, refa hakuona nini, aone vipi? Sikwambii sote tulikuwa wakweli, alikuwepo nahodha mmoja kila alama kwake ilikuwa imehamishwa na maji. Lakini alijulikana, na akishinda hapigiwi vigelegele.

Kipyenga_Kikavu
Babu umenifungua macho, ntasema kitu kinachoniumiza mie mwenyewe kama refa. Nyie nyote mmecheza chandimu. Mpira wa makaratasi na soksi, magoli mawe mawili, hakuna refa. Mtoto akishika anafanyaje? Anasimama mwenyewe, "nimeshika nimeshika", anauweka chini unapigwa. Asiposema wanagombana, na wakigombana sana mwenye mpira anachukua mpira wake anaondoka, mchezo umekwisha. Kwa hivyo bila ya mtu kusema kweli mpira wenyewe haupo. Sasa watoto hao hao wapelekeni uwanja wenye chokaa, mleteni mie na jezi yangu nyeusi na kipyenga, basi dakika ile ile wanaacha kusema. Si kazi yao tena, ni yangu. Wamenikabidhi kweli zao zote niwabebee na mie macho yangu mawili. Khalafu nikikosea naitwa mwizi na watu kumi na moja waliokuwa wanajua.

Ticha_Mstaafu
Hii komenti iwekwe juu.

Urojo_Mjini
Sawa mmeongea vizuri lakini mbona chenga ni halali? Mtu unamwonesha unakwenda kulia unakwenda kushoto, huo si uongo? Kipa kwenye penalti anamtisha mpigaji, uongo. Golikipa wetu mtaani akishafungwa anajishika mguu kama kaumia. Kwenye dhumna nakaa na uso wa msiba na mkononi nna dabo siksi. Mpira wote ni kudanganyana, sasa nyie mmeona mkono tu.

Msomi_Tunguu
Swali zuri kuliko ulivyokusudia. Chenga unamdanganya mpinzani na mpinzani amekuja pale akijua utamdanganya, ndo mchezo wenyewe, akipigwa tobo anaona haya yeye si wewe. Uso wako wa dhumna vilevile, wote wanne mna nyuso za msiba. Refa hakuja kuchezwa chenga. Yeye kaja akiamini anaambiwa dunia ilivyo. Ukijiangusha kwenye boksi hujamshinda beki, beki umemruka, umekwenda kumshinda mtu ambaye hachezi. Kwenye dhumna kinachofanana na ule mkono si uso wa msiba, ni kumkonyeza mshirika wako. Na nakujua wewe, ukikonyezwa na wapinzani unapindua meza.

Urojo_Mjini
🤣🤣 nimepindua mara moja tu na walianza wao

Bi_Netiboli
Kaka zangu mmezunguka Mexico na Italia mbuzi kakaa hapo hapo. Mie ni mchezaji wa netiboli na sie timu zetu zinapewa vyombo vya jikoni badala ya mbuzi lakini haki ni haki. Kocha, kwanza kabla ya yote, huyo mbuzi katoka wapi? Kama timu zilichangishana viingilio akanunuliwa mbuzi mshindi achukue, hiyo mashekhe wanasema inaingia kwenye kamari na mmekula nyote kitu cha wasiwasi. Kama katolewa na mtu wa pembeni ni zawadi. Tuanzie hapo.

Kocha_Mchangani
Katolewa na tajiri mmoja wa hapa hapa, hakuchangisha mtu. Alhamdulillah hapo nimepona.

Bi_Netiboli
Umepona nusu. Zawadi iliwekwa kwa mshindi, nyie mlijua nyie si washindi, au niseme mlijua mlikuwa sare. Hii si dhambi baina yako na Mola wako peke yake kwamba utasema astaghfirullah ukalala, hii ina haki ya watu ndani yake, watoto wa kijiji chengine wamerudi kwao bila ya mbuzi. Toba ya haki ya mja sharti lake umrudishie mwenyewe au umwombe radhi akusamehe.

Urojo_Mjini
Amrudishie nini dada, mifupa? Mbuzi keshaliwa!

Bi_Netiboli
Nusu mbuzi. Walikuwa sare.

Babu_Ngalawa
Hahahaha nusu mbuzi wa mbele au wa nyuma

Dalali_wa_Jukwaa
Nimecheka lakini nataka kuingiza jambo ambalo mnalipita pembeni makusudi. Kikombe cha chini ya miaka 15, kocha kasema mwenyewe beki namba tano jitoto la miraba minne. Mpira wa watoto visiwani unataka maadili kuanzia cheti cha kuzaliwa. 2018 kule Burundi CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, ya chini ya miaka 17 timu yetu ya Zanzibar iliondoshwa mashindanoni kwa vijeba, yan wachezaji waliozidi umri, mnakumbuka au mmeshasahau? Tulipigwa aibu Afrika Mashariki nzima. Na FIFA tangu 2009 Kombe la Dunia la chini ya 17 wanapima mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, ile sehemu ya mfupa inayokua ikishaungana moja kwa moja basi huyo si wa miaka 17 hata alete vyeti gunia. Mkono wa mtoto wa kocha ulisema uongo sekunde moja. Kijeba anadanganya dakika tisini kila wiki na anayemsaidia ni baba, kocha, sheha na mwalimu.

Ticha_Mstaafu
Mwalimu umemtia wa nini tena. Lakini kweli, naungama, nilishawahi kuletewa karatasi nisaini na nikasaini. Mtoto alikuwa na kipaji, mamake kanililia. Baadae nikawa namfikiria yule wa miaka 14 wa kweli aliyekaa benchi kwa ajili yake. Jina lake silijui hata. Ndo ubaya wa dhuluma hii, aliyedhulumiwa hana sura.

Urojo_Mjini
Na kamati ya ufundi je, wale wa uganga? Mbona hamuizungumzi? Yai limezikwa nyuma ya goli, timu imeingia uwanjani kwa kuruka ukuta mlangoni hapapitiki. Hilo nalo ni dopingi au si dopingi? 😂

Kipyenga_Kikavu
Mie nshalikanyaga yai hilo nikiwa nakagua nyavu. Viatu nimevifua mara tatu harufu haitoki. Tuendelee na uzi.

Mpemba_Maskati
Mie nataka kuuliza upande mwengine. Kuna uovu ambao hauvunji sheria hata moja, huo mnauwekaje? 1982 Uhispania, Algeria kawafunga Wajerumani Magharibi 2-1, ilikuwa kama ndoto. Mechi ya mwisho ya kundi Wajerumani wanacheza na Austria kule Gijón, Algeria keshamaliza kucheza siku moja kabla, kwa hivyo wao wanajua hesabu kamili, Ujerumani akishinda moja bila wote wawili wanapita Algeria anatoka. Dakika ya 10 goli likaingia. Dakika themanini zilizobaki wakawa wanapasiana kama wazee wanapitishiana kahawa. Kupasiana si kosa, refa afanye nini? Ndo baada ya hapo zikawekwa mechi za mwisho za kundi kuchezwa kwa wakati mmoja. Na 2018 Japani wamefungwa na Poland moja bila, dakika kumi za mwisho hawautaki mpira, mana wamesikia Senegal nao wamefungwa na hesabu ya kadi za njano inawabeba wao, nne kwa sita. Senegal akatolewa kwa kanuni inayoitwa ya uungwana, na waliopita kwa uungwana ni wale waliokataa kucheza! Hapo mie nilitupa rimoti.

Msomi_Tunguu
Gijón kwangu mie ni mbaya kuliko Suárez. Suárez alikuwa bado anacheza, anataka kushinda kwa roho yake yote mpaka kapitiliza. Wale hawakuwa wanacheza kabisa, walikuwa wanasubiri saa. Watu wamelipa tiketi kuona mashindano wakaoneshwa mkataba.

Kipyenga_Kikavu
Na upo uungwana usioandikwa pia. Februari 1999 kombe la FA, Sheffield United wametoa mpira nje makusudi mwenzao kaumia, Arsenal wanarusha kuurudisha kama ilivyo ada, Kanu wa Arsenal mgeni siku ile ndo mechi yake ya kwanza, akauchukua akakimbia nao akampa Overmars akafunga. Sheria iko safi kabisa. Wenger, kocha wa Arsenal mwenyewe, akasema goli hili silitaki turudie mechi nzima. Wakarudia siku kumi baadae, Arsenal akashinda tena 2-1 ile ile.

Bi_Netiboli
Kocha umeona? Turudie mechi. Neno hilo lishatamkwa na mkubwa kuliko wewe.

Urojo_Mjini
Wenger alikuwa na uwanja na mabasi dada, kocha ana njumu pea tisa.

(siku nne baadae)

Kocha_Mchangani
Nimerudi. Samahanini nilikuwa nasoma kila komenti lakini nilishindwa kujibu.

Juzi nilimwita yule mtoto kabla ya mazoezi. Nikamwambia uliushika, mie niliona, na nilikwambia unyamaze na nilikosea. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mengi zaidi ya hayo, hakunipa nafasi. Kasema "aa" basi. Kama mtu aliyekuwa anabeba gunia akaambiwa weka hapo. Khalafu akauliza "na wao tumewaambia?" Nikaona nikisema hapana ntakuwa nimeweka kidole cha tatu Ticha.

Basi jana tumepanda daladala mie na yeye tukenda kijijini kwao. Kocha wao tumemkuta anapara samaki nje. Nikamwambia mtoto nimsemee mie akakataa, kasimama kasema mwenyewe, "lile goli la pili niliushika mpira kwa mkono". Yule bwana kaweka kisu chini. Kamtazama mtoto, kanitazama mie, khalafu akaanza kucheka, anacheka mpaka magamba yanamtoka mkononi. Mie nshaanza kukasirika. Akasema, "Mwanangu, hujakosa. Lakini yule namba tano wangu ana miaka 17. Tumemsajili kwa cheti cha mdogo wake."

Urojo_Mjini
MLANGO WA KUZIMU UMEFUNGUKA 🤣🤣🤣🤣

Dalali_wa_Jukwaa
Sitaki kusema nilisema.

Kocha_Mchangani
Ngoja sijamaliza. Sasa mie mtu mzima mwenzao wa ajabu, kitu cha kwanza kilichonijia moyoni ni raha. Nikasema ahaa, basi tumetoka sare, deni limekufa. Nikataka kuaga. Mtoto hajanyanyuka. Kauliza, kamuuliza yule bwana si mie, "Sasa yule mdogo wake mwenye cheti, yeye anachezea wapi?" Hachezi. Hawezi kusajiliwa, keshasajiliwa kakake kwa jina lake. Tukanyamaza sote, wakawa wanasikika kuku tu.

Ticha_Mstaafu
Subhanallah. Mie nimesema aliyedhulumiwa hana sura, kumbe yumo humo humo nyumbani.

Msomi_Tunguu
Kwa hivyo dhuluma mbili hazikufutana. Mkono wenu uliwaumiza wao, kijeba wao kakuumizeni nyie na kamuumiza mdogo wake ambaye hakuwemo kwenye hesabu ya mtu yoyote. Bi Netiboli nusu mbuzi yako inahitaji kugawanywa upya.

Bi_Netiboli
Mie nishachanganyikiwa, apewe mdogo wake huyo.

Kocha_Mchangani
Yule bwana ndo kasema turudie. Hakuna zawadi, mana tajiri mbuzi wa pili hatoi na mie sithubutu kumweleza sababu. Refa tumemtafuta kila mmoja ana udhuru, wa kwetu kasafiri na wa kwao anataka nauli na soda. Mtoto kasema kwani chandimu tunacheza na refa? Kwa hivyo tutacheza hivyo hivyo, atakayeshika aseme. Mie nimewaza mengi, nimewaza watakavyogombana, lakini nimekubali. Mdogo wake anacheza kwa cheti chake mwenyewe, wa kwetu mkubwa kamwazima njumu ya kulia mana hana.

Ijumaa ijayo baada ya alasiri, anayetaka kuja aje, Pemba hapana mbali.

Kipyenga_Kikavu
Ntakuja nikae pwani chini ya mwavuli kama refa wa Babu. Kipyenga nakiacha nyumbani. Na namba tano je, mmemfanyaje?

Kocha_Mchangani
Kalia sana kusikia hachezi, anaupenda mpira yule. Tumempa kibendera.

Urojo_Mjini
Kijeba na kibendera. Ofsaidi zote zitakuwa za kwenu kocha, andika maneno yangu